Nukta Saba za Mama Sifuri

Jina la Mama Sifuri alibandikwa kazini, na siku ya kwanza alipolisikia alinuna. Alikuwa anatoka maliwatoni, akapita nyuma ya wacheza mpira wawili wenye magongo ya kutembelea, akamsikia mmoja anamwuliza mwenzake, "Leo ushahojiwa na Mama Sifuri?" Wakacheka mpaka gongo la mmoja likaanguka. Yeye akaliokota, akamkabidhi mwenyewe, akasema kwa ile sauti yake ya simu, "Sifuri mpaka kumi, mwanangu, aibu uliyonayo sasa hivi ni kiasi gani?" Kijana alitamani sakafu immeze. Basi jina likaganda, na tusidanganyane, mwenyewe alilipenda.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Alikuwa na chumba kidogo ghorofa ya kwanza, kwenye kliniki ya wanamichezo walioumia: meza, simu, rafu ya fomu, na dirisha linalotazama lango. Mwenye utafiti alikuwa daktari mmoja mwanamke, mwembamba, mwenye haraka, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Huyo alikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja na swali moja lililomnyima raha. Kwa nini watu wawili wanaumia goti lile lile, wanapasuliwa na mkono ule ule, wanafanya mazoezi yale yale ya viungo, halafu mmoja anarudi uwanjani baada ya miezi sita na mwenziwe harudi maisha? Aliamini jibu haliko gotini. Kwa hiyo kila Jumatatu wagonjwa wote walipigiwa simu na kusomewa dodoso la maswali ishirini na mawili: maumivu, usingizi, hasira, hofu ya kuumia tena, na mengine ya namna hiyo. Kila jibu ni namba, sifuri mpaka kumi.

"Soma swali kama lilivyo, andika namba, basi," Daktari alimwambia siku anamwajiri. "Usishauri, usiulize la pembeni, na jibu la mtu usimwambie mtu. Usitie chumvi, mama. Wala sukari."

"Nitie wapi, na jiko humu sioni?" akajibu. Akapata kazi.

Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kumi na tisa kwenye ubao wa simu wa kiwanda cha mabati, akiunganisha watu asiowaona. Mitambo ilikuwa mizee, laini zilikuwa zinakufa bila kuaga. Mtu akinyamaza, hujui kama anafikiri au ameshakatika. Kwa hiyo alizoea kuhesabu kimoyomoyo, na kila hesabu anatia nukta moja ya penseli pembeni ya daftari. Zikifika tano anasema, "Haloo, upo?" Miaka ikapita, akawa mjuzi wa kimya. Alikitambua kimya cha bosi anayetunga uongo, na cha mke anayemtafuta mume ambaye leo hakufika kazini. Halafu kiwanda kikaleta mashine inayojibu yenyewe, eti bonyeza moja, bonyeza mbili, naye akaagwa kwa saa ya ukutani na kupigiwa makofi. Saa yenyewe haikumaliza mwaka.

Lakini penseli haikumtoka. Hata kwenye dodoso la Daktari alikuwa anasoma swali, anasubiri, anatia nukta. Akijibiwa upesi, hakuna nukta. Mtu akisita, mbili, tatu. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama ni jambo. Namba aliziingiza kwenye kompyuta mwenyewe, na fomu zikaenda kulala rafuni na nukta zake.

Udadisi wake ulikuwa hauishii kazini. Mumewe, mwashi mstaafu mwenye mgongo wa kulalamika, alikuwa anahojiwa mpaka mlangoni.

"Baba watoto, mgongo, sifuri mpaka kumi?"

"Tisa!" Bila hata nukta moja. Basi ndoo ya maji Mama Sifuri anaibeba mwenyewe. Jioni redio ikitangaza goli, mzee huyo juu, amesimama wima, mikono hewani.

"Na ile tisa imekwenda wapi?"

"Imepumzika kidogo," mzee anasema, anakaa taratibu na kujishika kiuno.

Sasa, katika wale arobaini na mmoja alikuwamo msichana mmoja mruka viunzi, ambaye kliniki nzima ilimwita Binti wa Kocha, kwa sababu kocha wake ndiye baba yake mzazi. Kano ya goti ilimkatika alipotua vibaya, akapasuliwa, akaanza upya kujifunza kukunja mguu. Miezi minane ilikuwa imepita. Kila Jumatatu majibu yake yalikuwa mazuri mno. Maumivu sifuri. Hasira sifuri. Hofu ya kuumia tena sifuri. Mashine ya kupimia misuli nayo ilimwunga mkono: mguu ulioumia ulikaribia kulingana na mwenzake.

Ila haruki. Anakimbia vizuri, anakifikia kiunzi cha kwanza, halafu anapunguza na kukizunguka kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Walimjaribu mara nne, na mara nne akakizunguka. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu kabla ya Jumamosi ya mchujo. Asipovuka viunzi vyote kumi siku hiyo, jina lake linafutwa kwenye timu. Hilo lingetosha kuumiza, lakini kulikuwa na baya zaidi. Daktari alikuwa amechoka kungoja, akaandika ripoti ya kufunga faili, akamletea Mama Sifuri aichape. Mstari wa mwisho ulisema: *Amepona. Hana nia.*

Mama Sifuri alichapa mpaka hapo, vidole vikagoma. Alikuwa amekaa kliniki muda wa kutosha kujua maneno hayo yanakwenda wapi. Yanakwenda kwa chama cha mchezo, na toka huko kwa makocha wote. Mwenye jeraha husubiriwa. Asiye na nia, nani amsubiri?

"Hana nia," akasema peke yake. "Mtu akanyooshwe goti miezi minane, analia na kuuma taulo, halafu hana nia? Mh!"

Akainuka, akateremsha fomu zote za yule msichana toka rafuni, akazitandaza mezani kwa tarehe. Pembeni kulikuwa safi. Huyu alikuwa mtu wa kujibu haraka. Swali la kwanza hakuna nukta, la tano hakuna, la kumi hakuna. Akafika la kumi na saba, akavuta kiti.

Swali la kumi na saba lilisema: *Ukiambiwa leo kwamba umepona kabisa, utafurahi kwa kiasi gani?* Kila wiki alijibu kumi. Lakini miezi ya mwanzo hapakuwa na nukta. Mwezi wa tatu ikaonekana moja. Mwezi wa tano, tatu. Jumatatu iliyopita zilikuwa saba, zimepangana hadi ukingo wa karatasi. Kadiri goti lilivyozidi kupona ndivyo msichana alivyozidi kuchelewa kusema kwamba atafurahi.

Akazibeba fomu mpaka kwa Daktari, na hapo akapata alichokitafuta.

"Umechora kwenye madodoso yangu?"

"Ni penseli tu, daktari."

"Mama! Hii ni takwimu, si kitambaa cha kudarizi! Nani alikuruhusu?" Akaendelea hivyo kwa muda, na alikuwa na haki yake. Kisha akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameona. Macho yake yalishuka fomu hadi fomu. Mama Sifuri hakuweza kujizuia, akahesabu: nne.

"Wengine je?" Daktari akauliza, na ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Wengine hapo hawanipi nafasi. Nikisema 'umepona kabisa' wameshapayuka kumi. Yule mbeba vyuma karibu anitoboe sikio."

"Kwa hiyo haogopi kuumia." Daktari alivuta sandwichi aliyokuwa ameisahau, akairudisha bila kuiuma. "Anaogopa kupona. Lakini nani anaogopa kupona? Kwa nini?"

"Nimwulize?"

"Hapana!" Daktari nusura aruke. "Ukimwuliza yeye peke yake swali ambalo wenzake hawakuulizwa, utafiti wote unaharibika. Kanuni ni kanuni." Akafikiri kidogo. "Ripoti isitoke kwanza. Nakupa mpaka mchujo."

Basi mdomo umefungwa, masikio yamefungwa. Ila macho hayakutajwa popote kwenye kanuni, na Mama Sifuri alikuwa na dirisha.

Jumatano baba na binti wakaja kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Alikuwa amewaona mara nyingi, lakini siku hiyo aliwatazama. Kocha alikuwa bonge la mtu, amebeba begi la bintiye begani na chupa ya chai mkononi. Hawakupanda ngazi. Walipita ule mteremko wa viti vya magurudumu, polepole, ingawa goti lilishaweza ngazi zamani.

"Taratibu, mama," kocha alimwambia bintiye, kama baba wengi wanavyowaita watoto wao wa kike. "Mama, chai ninywe yote au nikubakishie?"

"Baba, ukiimaliza tutaonana!" Wakakaa kwenye benchi la chini ya dirisha, wakawa wanasengenya mtangazaji fulani wa redio, wakicheka mpaka wanafutana machozi. Mama Sifuri akajisemea, huyu baba ni wa kuazimisha watu. Hakuona tatizo liko wapi, na hilo likamkera zaidi.

Alhamisi alasiri akajifunga kitambaa kichwani, akamwambia mumewe anakwenda kunyoosha miguu.

"Unakwenda kupeleleza," mzee akasema bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Miguu ikinyooshwa inapeleleza yenyewe," akajibu, akatoka.

Alikaa kwenye ngazi za saruji za uwanja, pembeni ya mtupa tufe mwenye mkono uliofungwa, ambaye alikuwa mmoja wa arobaini na mmoja wake. Kulikuwa na wasichana sita kwenye njia za kukimbilia. Na mbele yao alisimama mtu bonge mwenye saa ya sekunde shingoni. Alikuwa ni yule yule, ila sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Njia ya nne, bega! Njia ya tatu, magoti! Njia ya tatu, nasema magoti!"

Njia ya tatu alikuwa Binti wa Kocha.

"Anamwita hivyo mwanawe?" Mama Sifuri akanong'ona.

"Uwanjani hana mwana," mtupa tufe akasema. "Tangu binti ana miaka minane. Mama yake alishafariki, baba akawa anamlea hapa hapa. Hataki mtu aseme anampendelea. Na mwenyewe binti anasema hata nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Wanakula, wanaongea sekunde. Wanaosha vyombo, wanaongea sekunde. Mpaka alipoumia."

"Alipoumia ndipo?"

"Ndipo likizo ikaingia," mtupa tufe akacheka.

Filimbi ikalia. Binti akakimbia, akakikaribia kiunzi, akakizunguka. Kocha akaandika kitu kwenye daftari bila kumtazama. Binti akasimama kule mbali, mikono kiunoni, akimwangalia baba anavyoandika. Kisha akainama na kushika goti. Daftari likaanguka, saa ikaruka mgongoni, bonge zima likakimbia kukatiza nyasini. "Mama! Mama, limeuma? Kaa chini, mama yangu, kaa!"

Mama Sifuri aliganda na mkono kifuani. Masikini mtoto! Alikuwa anajua fika, pengine bila kujiambia, kwamba siku akivuka kile kiunzi atarudi kuwa njia ya tatu. Angekuwa yeye, angeruka? Alijiuliza njia nzima ya kurudi nyumbani, na mumewe alipouliza upelelezi umefikia wapi, alimeza yote, akasema amenyoosha miguu.

Sasa utafanya nini na jambo unalolijua kama huruhusiwi kulisema? Jumatatu ikampa mwanya. Kila faili linapokaribia kufungwa, mtu wa karibu wa mgonjwa hupigiwa simu mara moja na kusomewa maswali yale yale, yamegeuzwa kidogo. Akampigia kocha. Kocha alijibu kama anayepiga filimbi. Tatu. Mbili. Sifuri. Tano. Penseli haikuwa na kazi.

"Swali la kumi na saba. Ukiambiwa leo kwamba mgonjwa wako amepona kabisa, utafurahi kwa kiasi gani, sifuri mpaka kumi?"

Kimya. Nukta moja, mbili, tatu. Nukta ya tano ikapita na hakusema haloo. Nane. Kumi. Kumi na moja.

"Upo, kocha?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imepungua mwili. "Andika kumi." Akavuta pumzi. "Na hili usiandike. Miezi hii minane nimegundua binti yangu huimba akiosha vyombo. Ana miaka kumi na tisa, bibie, sikuwahi kumsikia. Akipona narudi kwenye saa, maana namna nyingine ya kumlea siijui. Nafurahi apone. Wallahi nafurahi. Lakini..."

Mama Sifuri aliuma penseli mpaka ikaacha alama. Wote wawili! Wanalala nyumba moja, wanakunywa chai chupa moja, kila mmoja anaogopa jambo lile lile, na mwenye kujua ni mtu wa tatu aliyefungwa mdomo na karatasi ya kanuni. Alitamani kupiga kelele. Badala yake aliirudia kanuni moyoni, neno kwa neno, akitafuta ufa.

"Kocha," akasema pole pole, "swali hili la kumi na saba, binti yako naye husomewa kila Jumatatu. Jibu lake sikwambii hata unifunge kamba. Na mimi kuongeza swali sina ruhusa. Lakini kanuni ni yangu mimi. Wewe haikuhusu. Wewe ukitaka kumwuliza, uliza."

Kocha akanyamaza tena. Safari hii hakuhesabu.

Jumamosi asubuhi alikaa ngazi za mbele na Daktari, roho juu. Wachaguzi watatu walikuwa mezani na karatasi zao. Kama baba alimwuliza binti au hakumwuliza, hakuna aliyejua. Binti wa Kocha alisimama njia ya tatu, akijipigapiga mapaja. Kocha alikuwa kwenye mstari wa kumalizia, saa mkononi, uso wa chuma.

"Njia ya tatu..." akaanza. Akakoma. Moja, mbili, tatu, nne.

"Mama!"

Wanawake wote uwanjani waligeuka, Mama Sifuri akiwa wa kwanza. Wale wasichana wengine walitazamana kama waliosikia kiunzi kinaongea. Kocha alikuwa na macho mekundu na hakujali.

"Mama, chai ipo! Ukiruka ipo, usiporuka ipo! Umesikia?"

Binti alijipangusa uso kwa mkono, akainama kwenye mstari. Filimbi ikalia.

Akakifikia kiunzi cha kwanza, na Mama Sifuri akafumba jicho moja. Akakivuka! Cha pili, cha tatu. Cha nne alikipiga kwa kisigino kikaanguka, Daktari akapiga ukelele usio wa kidaktari, lakini msichana alishakuwa mbele, cha sita, cha tisa, cha kumi, mstari. Uwanja ukalipuka.

"Muda?" mchaguzi akauliza, kalamu tayari.

Kocha akaitazama saa. Akaigeuza, akaitazama tena. Ilikuwa sifuri tupu.

"Sikubonyeza," akasema.

Miaka yote hiyo, mtu aliyepima hata muda wa watu kuoga! Mchaguzi akatua kalamu. "Bila muda hatuandiki kitu, kocha. Unajua."

Binti alikuwa ameinama, mikono magotini, akihema. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Baba! Yaani wewe! Basi narudia, nipeni dakika kumi. Goti linauma, jamani."

Daktari alimshika Mama Sifuri mkono akambana. Miezi minane, na ndiyo mara ya kwanza binti kukiri kwamba linauma. "Kiasi gani?" akapiga kelele toka kwenye ngazi, kanuni zake zote amezisahau.

"Tatu!" binti akajibu papo hapo.

Kocha alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akamshikia mpaka akamaliza. Dakika kumi zilipokwisha na binti akarudi kwenye mstari, kocha alipanda zile ngazi, akavua saa shingoni, akamwekea Mama Sifuri mkononi.

"Shika wewe, bibie," akasema. "Mimi nataka kumtazama."